Asiyekuwapo na Lake Lipo

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii aghalabu hutolewa panapogawanywa kitu: nyama ya karamu, shamba la marehemu, nafasi ya kusema barazani. Aliyekosekana hana wa kumtetea, na fungu lake huishia mikononi mwa waliohudhuria. Ni methali ya kweli, na ukweli wake unauma, kwa maana hakuna asiyekuwapo kama mfu, na miongoni mwa wafu hakuna asiyekuwapo kama mtoto aliyeuawa baada ya kuuawa waliomzaa, akakosa kaburi, akakosa hata tanzia. Huyo ndiye methali inayempata barabara. Hata hivyo, tangu mwaka wa 2000, sanduku moja la safari limekuwa likibishana na wahenga. Mwenye sanduku hayupo tangu Oktoba 1944. Lake, je, halipo?

Sanduku lenyewe halina fahari yoyote. Ni la rangi ya kahawia na limechakaa. Usoni pake pameandikwa maneno machache kwa rangi nyeupe: jina, Hanna Brady, tarehe ya kuzaliwa, tarehe 16 Mei 1931, na neno moja la Kijerumani, Waisenkind, ambalo maana yake ni yatima. Ndani ni tupu. Hamna vazi, hamna barua, hamna mwanasesere. Yeyote anayelitazama hupewa mambo matatu tu kumhusu mwenyewe, kisha huachwa na kimya.

Sanduku hili lilifika Tokyo mapema mwaka wa 2000. Aliyeliomba ni Fumiko Ishioka, mkurugenzi wa kituo kilichofunguliwa katika jiji hilo mwaka wa 1998 ili kuwafundisha watoto wa Japani historia ya maangamizi ya Wayahudi. Alikuwa ameliandikia jumba la makumbusho la Auschwitz, nchini Poland, akiomba aazimwe vitu vilivyowahi kuwa vya watoto, kwani alijua kuwa mtoto huelewa zaidi anapoona kitu kuliko anaposikia hesabu. Naam, hesabu ya msiba ule inatisha: Wayahudi milioni 6 waliuawa na Wanazi na washirika wao, na miongoni mwao watoto wapatao milioni 1.5. Lakini nani awezaye kuwalilia watu milioni 6? Akili huitikia tarakimu hiyo kwa heshima, kisha hupita. Watoto waliolizunguka sanduku walikuwa na maswali mengine. Hana alikuwa nani? Sura yake ilikuwaje? Alipenda nini? Alipatwa na nini? Ishioka hakuwa na jibu hata moja. Aliahidi kulitafuta.

Ahadi hiyo ni nyepesi kutamkwa, na ugumu wake unahitaji kuelezwa. Waliopanga maangamizi hawakukusudia kuua tu. Walikusudia pia kwamba baada ya kuua pasiwe na wa kuuliza. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kulifahamu jambo hili kwa njia iliyo karibu naye, yaani ngeli. Shina -tu ni moja. Likipewa kiambishi m- linakuwa mtu, nalo huingia katika ngeli ya A-WA, pamoja na wote wanaopumua, wanaopenda na kupendwa. Likipewa ki- linakuwa kitu, nalo huingia katika KI-VI, pamoja na viti, vikombe na visu. Tofauti ni kiambishi kimoja. Utawala wa Hitler ulitumia sheria, mihuri, orodha, treni na hatimaye gesi ya sumu kukibadilisha kiambishi hicho. Mtoto alitolewa katika ngeli yake hatua kwa hatua, hata siku ya kuuawa wenye kuua walijihisi kama wanaondoa kitu ghalani. Kuuliza kwamba Hana alikuwa nani ni kumrudisha katika ngeli yake. Swali la nani haliulizwi kwa kitu.

Jambo la kwanza alilogundua mtafutaji ni kwamba sanduku lilikosea tangu neno la kwanza. Msichana huyu hakuitwa Hanna kwa n mbili, kama Wajerumani wanavyoliandika jina hilo. Aliitwa Hana, kwa n moja, kama ilivyo katika Kicheki. Msomaji anaweza kusema kwamba herufi moja si kitu. Amwulize aliyewahi kuandikwa vibaya katika cheti cha kuzaliwa au cheti cha mtihani, halafu akalazimika kwenda ofisi hii na ile kuthibitisha kuwa yeye ni yeye. Herufi moja yaweza kumgeuza mtu mgeni wa jina lake mwenyewe.

Hana Brady alizaliwa Prague tarehe 16 Mei 1931, akalelewa katika mji mdogo wa Nové Město na Moravě, katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia. Baba yake, Karel, na mama yake, Markéta, walikuwa na duka mjini humo. Alikuwa na kaka mmoja, Jiří, ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kwa jina la George, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu. Wakati wa baridi watoto hawa waliteleza thelujini kama watoto wote wa milimani. Hana alitamani kuwa mwalimu. Wayahudi walikuwa wachache mno katika mji huo, na kwa miaka ya kwanza ya maisha ya Hana jambo hilo halikuwa na uzito wowote. Alikuwa mtoto wa mwenye duka, basi.

Tarehe 15 Machi 1939 majeshi ya Ujerumani yaliingia Prague na kuitwaa nchi. Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii hutumiwa kuwasifu wawekao akiba, lakini uovu nao huweka akiba. Amri zilikuja moja moja. Wayahudi waliamriwa kuorodhesha mali zao. Walipigwa marufuku kuingia sinema, kisha viwanjani na bustanini. Watoto wa Kiyahudi walifukuzwa shuleni, naye Hana, aliyetaka kuwa mwalimu, akanyimwa hata kuwa mwanafunzi. Marafiki wakapungua, kwani wazazi wao waliogopa. Kuanzia Septemba 1941 kila Myahudi aliyetimiza umri wa miaka 6 alitakiwa kushona nyota ya manjano kwenye nguo yake kabla ya kutoka nje. Kila amri, ikitazamwa peke yake, ilikuwa ndogo kiasi cha kuvumilika, na ndiyo sababu majirani wema waliweza kulala usingizi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema Waswahili. Huko kila mtu aliuona ufa, akasubiri mwenziwe auzibe.

Mwanzoni mwa 1941 Markéta alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi. Alipelekwa kambi ya wanawake ya Ravensbrück, kaskazini mwa Ujerumani, na hakurudi. Miezi kadhaa baadaye Karel naye akachukuliwa. Wote wawili waliuawa Auschwitz mwaka wa 1942. Watoto walichukuliwa na shangazi yao na mumewe, ambaye hakuwa Myahudi, wakakaa nao mpaka Mei 1942, amri ilipokuja kwamba wao pia waende. Hana alitimiza umri wa miaka 11 katika siku zile zile za safari.

Hapa ndipo inapofaa kulitazama upya neno lile la tatu. Kiswahili kinalo neno yatima, na katika jamii zilizokikuza lugha hii neno hilo hubeba amri ndani yake. Yatima hutajwa ili asaidiwe. Kula mali yake ni dhambi, kumpangusa kichwa ni thawabu, na mlango asioruhusiwa kuukosa ni mlango wa ami na shangazi. Hana alikuwa na shangazi, na mlango huo ulikuwa wazi. Alitolewa mlangoni kwa nguvu. Kisha, katika lugha ya wale wale waliomfanya yatima, akaandikwa yatima. Pale neno halikutajwa ili asaidiwe. Lilitajwa ili apangwe, kama bidhaa inavyoandikwa aina yake bandarini. Ukatili wa utawala ule haukukaa katika bunduki peke yake. Ulikaa pia katika maneno mazuri yaliyotolewa roho, yakabaki maganda.

Hana na George walipelekwa Theresienstadt, ambao Wacheki huuita Terezín, mji wa ngome uliojengwa katika karne ya 18 na ambao Wanazi waliugeuza kuwa geto. Wayahudi wapatao 140,000 walipitishwa humo. Karibu 33,000 walifia humo humo kwa njaa na maradhi, na karibu 90,000 walisafirishwa kwenda mashariki, wengi wao kuuawa. Ndugu hao walitenganishwa: msichana akawekwa katika nyumba ya wasichana, mvulana katika nyumba ya wavulana, ambako alijifunza ufundi wa mabomba. Walipopata ruhusa ya kuonana, walionana. Katika geto hilo la njaa, kila mtoto alipewa andazi moja dogo kwa juma. Hana hakulila lake. Alimpelekea kaka yake ili apate nguvu.

Andazi hilo lastahili kufikiriwa kwa makini. Andazi lililoliwa miaka zaidi ya 80 iliyopita haliwezi kuwekwa kabatini na kuzungukwa na kioo. Lakini George alilikumbuka mpaka uzeeni, na kwa kulikumbuka alimtoa dada yake katika kundi la watoto milioni 1.5 na kumweka mahali pake, mahali pa mtoto mmoja mwenye njaa aliyeamua jambo. Kitu hakiamui. Aliyenyimwa kila kitu alibakiwa na uwezo wa kutoa, na anayetoa hawezi kuingizwa katika ngeli ya KI-VI hata akiandikwa humo kwa rangi nyeupe.

Katika geto hilo kulikuwa na mwalimu aliyelielewa jambo hili. Jina lake ni Friedl Dicker-Brandeis, msanii aliyezaliwa Vienna mwaka wa 1898 na kusomea katika chuo mashuhuri cha Bauhaus. Alipoamriwa kwenda Terezín mwishoni mwa 1942, kila mtu akiruhusiwa mzigo wa kilo 50 tu, alijaza katika mizigo yake karatasi na vifaa vya kuchorea. Aliwafundisha watoto kwa siri, katika vyumba vilivyosongamana, na Hana alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Tena aliwataka watoto watie majina yao kwenye kazi zao. Hilo laweza kuonekana kuwa utaratibu wa kawaida wa darasa lolote. Lakini mahali ambapo watu walikuwa wakigeuzwa nambari za misafara ya treni, kumwambia mtoto aandike jina lake chini ya mchoro wake kulikuwa ni kuikataa hukumu nzima. Kabla ya mwalimu huyo kupelekwa Auschwitz, ambako aliuawa tarehe 9 Oktoba 1944, michoro ilihifadhiwa. Baada ya vita, masanduku mawili yaliyojaa michoro ya watoto ipatayo 4,500 yalipelekwa Prague, kwa jumuiya ya Wayahudi. Wengi wa waliochora hawakuwa hai.

Msomaji na alinganishe masanduku hayo. Lile moja liliandikwa nje na wengine, jina likakosewa, na ndani likabaki tupu. Yale mawili yalijaa ndani majina ambayo watoto wenyewe waliyaandika kwa mikono yao. Hakuna jeshi lililoyalinda. Yalilindwa na ukaidi wa mwalimu mmoja na uaminifu wa waliomfuata.

Mwezi Juni 1944 wajumbe wa Msalaba Mwekundu walifika Terezín. Wanazi walikuwa wamepaka kuta rangi, wamepanda maua na kupunguza msongamano kwa kuwasafirisha maelfu ya wafungwa kabla ya wageni kuja. Wageni waliona walichoonyeshwa, wakaondoka. Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka huo huo, treni zilianza kuondoka tena. George alichukuliwa Septemba. Hana akabaki peke yake, mtoto wa miaka 13, na majuma machache baadaye zamu yake ikafika. Alitumaini kwamba huko aendako atamwona kaka yake. Kabla ya safari, msichana mmoja mkubwa alimsaidia kunawa uso na kumfunga nywele vizuri, kwa kuwa Hana alitaka George akimwona ajue kwamba amejitunza. Treni iliondoka tarehe 23 Oktoba 1944. Walipofika Auschwitz, Hana alipelekwa kwenye chumba cha gesi moja kwa moja. Waliochaguliwa kufa papo hapo hawakuandikishwa wala kupewa nambari. Kwa mujibu wa vitabu vya kambi, hakuwahi kuwapo.

Hivi ndivyo hali ilivyokuwa Ishioka alipoanza kutafuta. Aliandika barua nyingi, na majibu mengi yalikuwa ya kukatisha tamaa. Kisha makumbusho ya Auschwitz yakamwarifu kwamba Hana alitokea Theresienstadt. Kutoka huko zikaja picha za michoro michache yenye jina lake. Mtoto ambaye vitabu vya kambi vilimkana alikuwa ameacha sahihi. Mnamo Julai 2000 Ishioka alikwenda Terezín mwenyewe. Huko alionyeshwa orodha ya waliopita katika geto, na kando ya majina mengi palikuwa na alama ndogo ya vyema. Jina la Hana lilikuwa na alama. Alama hiyo maana yake ilikuwa kwamba mwenye jina hakunusurika.

Jicho lake likapanda mstari mmoja. Juu ya jina la Hana palikuwa na Brady mwingine: George. Kando yake hapakuwa na alama.

Ishioka aliteremka hadi Prague, akiwa na saa chache tu kabla ya ndege yake kuondoka, na huko akasaidiwa kumpata mtu aliyewahi kulala chumba kimoja na George katika geto. Mtu huyo aliijua anwani ya rafikiye. George Brady alikuwa hai, mwenye umri wa miaka 72, akiishi Toronto nchini Kanada, ambako alihamia mwaka wa 1951 na kuanzisha biashara kwa ufundi ule ule wa mabomba aliojifunza utumwani. Barua kutoka Tokyo ilimfikia, ikimwambia kwamba watoto wa Japani wanataka kumjua dada yake. Alijibu, akatuma na picha ambazo jamaa zake walikuwa wamezificha wakati wa vita. Watoto wa Tokyo wakauona uso wa Hana kwa mara ya kwanza. Mwezi Machi 2001 George alikwenda Japani pamoja na binti yake, ambaye Hana ni mojawapo ya majina yake, akalishika sanduku la dada yake.

Lakini kisa hiki hakikuishia hapo, na kilichofuata ndicho kinachokipima. Mwaka wa 2004 familia iligundua tofauti kati ya sanduku la Tokyo na picha yake ya zamani. Uchunguzi ukaonyesha kuwa sanduku halisi lilikuwa limeteketea mwaka wa 1984 huko Birmingham, Uingereza, lilipokuwa limeazimwa kwa maonyesho, katika moto ulioaminika kuwa ulitiwa kwa makusudi. Lile lililopelekwa Japani lilikuwa nakala iliyotengenezwa kwa kufuata picha. Kitu alichokishika Hana, kikabaki, kikapita vita, kilikuwa kimeunguzwa miaka 39 baada ya vita kwisha.

Ama kweli, hapa methali ingeweza kusimama na kudai ushindi. Asiyekuwapo, na lake halipo. Na wapo wanaokanusha maangamizi yale, ambao hufurahi kila wanapopata kitu cha kuita bandia. Kwa hiyo ni haki jambo hili lisemwe waziwazi, bila kufichwa: sanduku linaloonekana Tokyo ni nakala, na wanaolionyesha hulitaja hivyo. Ukweli hauhitaji kusaidiwa na uongo mdogo. Swali ni kama kumbukumbu ya Hana ililala katika mbao na ngozi. Ingekuwa hivyo, moto wa Birmingham ungekuwa umeimaliza mwaka wa 1984, wakati ambapo nje ya jamaa na marafiki karibu hakuna aliyemjua. Badala yake, ni baada ya moto huo alipojulikana. Kitabu kuhusu sanduku lake, kilichoandikwa na mwandishi Mkanada Karen Levine na kutolewa mwaka wa 2002, kilitafsiriwa katika lugha nyingi na kusomwa na watoto wa mabara mbalimbali. Nakala ilifanya kazi iliyoishinda asili, kwa sababu iliwakuta watu wenye swali. Sanduku halisi, lilipokuwa katika rafu pamoja na maelfu ya masanduku mengine, lilikuwa ushahidi. Sanduku lilipoulizwa kwamba mwenyewe ni nani, likawa kumbukumbu. Ushahidi huthibitisha kwamba mauaji yalitokea. Kumbukumbu humrudisha aliyeuawa.

Jerusalem kuna taasisi inayoitwa Yad Vashem, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka wa 1953. Jina lake limetoka katika kitabu cha Nabii Isaya, na maana yake ni ukumbusho na jina. Kwa miongo mingi imekuwa ikikusanya majina ya waliouawa, moja baada ya jingine, kutoka kwa jamaa, majirani na hati za kale, na sasa imeyakusanya takriban milioni 5. Takriban milioni 1 bado hayajapatikana, mengi yakiwa ya watoto wadogo, kwa kuwa aliyeishi miaka miwili huacha hati chache, na waliomwita kwa jina waliuawa pamoja naye. Kazi hiyo haina mwisho unaoonekana, lakini anayeifanya huelewa kuwa milioni 6 si tarakimu moja kubwa. Ni moja, kisha moja, kisha moja.

Desturi hii haikubaki Ulaya na Asia. Afrika Mashariki inayo nyumba yake, na kwa bahati mbaya inayo sababu yake. Katika kumbukumbu ya mauaji ya kimbari iliyoko Gisozi, Kigali, iliyofunguliwa mwaka wa 2004, kuna chumba cha watoto waliouawa mwaka wa 1994. Haikuwa sadfa tu: shirika la Aegis Trust lililoshirikiana na jiji la Kigali kuijenga lilizaliwa kutokana na kituo cha kukumbuka maangamizi ya Wayahudi kilichoko Uingereza. Ndani ya chumba hicho hakuna hotuba. Kuna picha kubwa za watoto, na chini ya kila picha maelezo machache: jina, umri, chakula alichokipenda, mchezo alioupenda, namna alivyouawa. Mgeni huingia akiwa na tarakimu kichwani, akatoka akimfahamu mtoto aliyependa maziwa na chipsi. Huko pia waliouawa waliitwa kwanza kwa majina ya wadudu redioni, kabla ya panga kuinuliwa. Huko pia lilianza suala la ngeli.

Ndiyo maana wanaosoma lugha wana sehemu yao katika kumbukumbu hii, hata kama Nové Město iko mbali na Rongai au Lamu. Mauaji ya kundi zima la watu hayajawahi kuanza kwa risasi. Huanza kwa maneno, na maneno hupita mikononi mwa waandishi, walimu, watangazaji na makarani kabla ya kumfikia mwenye silaha. Anayezoea kuliita kundi la watu kwa jina la kudharau, japo kwa mzaha wa bweni, amekwisha kukigusa kiambishi. Na anayechukua taabu kuliandika jina la mtu asiyemfahamu kama mwenyewe alivyoliandika, kwa n moja iliyo yake, ameziba ufa mmoja katika ukuta mrefu.

George Brady alifariki dunia mwezi Januari 2019, akiwa na umri wa miaka 90. Kwa karibu miaka 20 alikuwa amezunguka shule nyingi akizungumza kuhusu dada yake, yule aliyempa andazi. Waliomjua Hana kwa kumwona wanakwisha, kama wanavyokwisha wote waliouona msiba ule kwa macho yao, na methali inasubiri mlangoni kuchukua fungu lao.

Lakini orodha ya Terezín imebaki, na ndani yake kuna somo ambalo aliyeiandika hakulikusudia. Sandukuni Hana aliandikwa yatima, neno linalomtaja mtu kwa wale aliowakosa. Katika orodha aliandikwa chini ya kaka yake, na kwa sababu ya mstari huo mmoja akapatikana. Kama angetokea leo mtu wa kulipaka upya sanduku lile rangi nyeupe, angeiacha tarehe kama ilivyo, kwa kuwa ni ya kweli. Angefuta n moja. Na pale palipoandikwa yatima, angeandika neno ambalo hata gesi haikuweza kulibatilisha: dada.